Siku Niliyosema Anaweza

Nilipaswa kukataa. Ilikuwa saa nane mchana katika uwanja wetu wa Evere, hapa Brussels. Msichana mmoja wa watu wa filamu alikuja hadi nilipokuwa nimechuchumaa, naye akachuchumaa ili tuonane macho, akaniuliza kama mrushaji wangu anaweza kuendelea kurusha. Nilijua kwamba hawezi. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa kimeniambia hivyo tangu kabla ya chakula. Nikamjibu, "Anaweza." Akanishukuru, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda zake.

Nimestaafu mwaka huu. Klabu imeniaga kwa kunipa kiti cha kukunja, na aliyekichagua anayajua vizuri magoti yangu. Ninyi vijana mnaodaka sasa mliniomba niandike niliyojifunza katika miaka yote ya kuchuchumaa. Mambo ya vikombe sitayaandika. Vipo kabatini na majina yamechongwa juu yake. Naandika kwa Kiswahili kile nilichokisoma kwenye vitabu vya misheni, maana Kifaransa changu ni cha uwanjani na hakifai kuwekwa kwenye karatasi. Wale ambao Kiswahili chao ni cha kuongea tu na bibi zao wasome polepole.

Mchezo huu wa besiboli nilijifunza Lubumbashi, katika shule ya sekondari ya misheni. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mmarekani aliyeletewa kutoka kwao sanduku la glavu na mipira. Alitupanga mstari, akamrushia kila mmoja mpira usoni, polepole tu, kisha akanichagua mimi niwe mdakaji kwa sababu sikufumba macho. Hakujua kwamba sikufumba kwa sababu nilikuwa sijaelewa anachofanya. Kwa wazazi wenu wasioujua mchezo nitaeleza kwa ufupi: mrushaji husimama kwenye kilima kidogo, mpigaji humsubiri na rungu lake umbali wa mita kumi na nane, na nyuma ya mpigaji kuna mtu amechuchumaa, amevaa kinyago cha chuma, anaudaka kila mpira ambao haukupigwa. Mtu huyo nilikuwa mimi kwa miaka ishirini na kitu.

Brussels nilikuja kusoma umeme. Siku moja nikiwa ndani ya basi pale Evere niliona kupitia dirishani mtu amevaa kinyago cha chuma amechuchumaa kwenye majani. Nilishuka kwenye kituo ambacho hakikuwa changu. Umeme sikuumaliza.

Kocha alikuwa Gaston, dereva wa tramu aliyestaafu, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, aliyefundishwa besiboli utotoni na askari wa Kimarekani baada ya vita. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nimecheza wapi. Alinipa glavu, akamweka mrushaji kilimani, na kila nilipodaka alisogea karibu na kuuliza, "Imekugonga wapi?" Ilinibidi nivue glavu na kumwonyesha kwa kidole mahali penyewe kwenye kiganja. Mpira wa kwanza, navua, naonyesha. Mpira wa pili, navua, naonyesha. Tulifanya hivyo hadi kiganja kikawa chekundu ndani na mrushaji akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilidhani mzee ana kichaa.

Baadaye nilielewa. Mpira wenye nguvu hukugonga chini ya kidole cha shahada, na glavu hulia kama mlango uliofungwa na upepo. Mkono wa mrushaji ukichoka, mpira unaonekana ule ule kwa macho ya watu wa pembeni, lakini mwishoni kabisa huzama kidogo, ukaangukia karibu na kifundo cha mkono, na glavu hulia kama mtu aliyeangusha gunia. Kocha hawezi kuliona jambo hilo, wala mwamuzi. Mrushaji mwenyewe hulihisi begani, lakini hasemi.

"Mrushaji hudanganya," Gaston aliniambia. "Muulize kama amechoka, atasema hapana hata mkono ukiwa umelala chini kwenye majani. Si kosa lake. Mtu asiyedanganya namna hiyo hafai kuwa mrushaji. Donc, mimi sitamuuliza yeye kamwe. Nitakuuliza wewe. Na wewe huna ruhusa ya kudanganya."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Kila zamu ilipokwisha, Gaston alinijia pale benchi na kusema neno moja, "Alors?", yaani "Vipi?" Nami nilimjibu kwa neno moja. Ili wapinzani wasielewe, tulitumia Kiswahili. "Iko" maana yake mkono bado uko. "Inakufa" maana yake mpira unakufa, mtoe mrushaji kabla hajaumia. Gaston hakuwahi kujifunza maneno mengine ya lugha yetu, na hayo mawili aliyatamka kwa lafudhi ya tramu, lakini aliyaheshimu. Hakuna siku aliyonihoji nilipomwambia "inakufa." Alipanda kilimani, akachukua mpira, basi.

Kesi ngumu zilikuwepo. Alikuwepo Mflemi mmoja mrefu, Mbelgiji wa kaskazini, mrushaji wetu bora wa miaka ile, aliyekuwa akiongoza katika mechi ambayo mji mzima wa wapinzani ulikuja kuitazama. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, lakini ulikuja. Zikiwa zimebaki zamu mbili nikasema, "Inakufa." Gaston akamtoa. Yule bwana alinirushia glavu yake kifuani, akaniita majina ambayo sikuwa nimeyafundishwa shuleni. Tulishindwa mechi ile. Jumatatu kiwiko chake kilivimba kama boga, daktari akasema mipira kumi zaidi ingemkata mshipa. Jumamosi iliyofuata mke wake aliniletea keki ya tufaha. Yeye mwenyewe, aliporudi kilimani, kila alipotaka kunidanganya alitazama kwanza miguu yake.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa sababu ninyi mna vifaa vizuri na hamvitunzi. Glavu ipakwe mafuta kidogo, tena kwa kidole, wala usitumie kitambaa, maana kidole ndicho kinachohisi mahali ngozi inapotaka kupasuka. Kinyago kikaushwe kivulini. Na mkono wa kulia, ule usio na glavu, ufichwe nyuma ya kisigino hadi mpira ufike. Sikuuficha siku zote. Leo kidole changu cha kati kikielekea Koekelberg, magharibi mwa mji, cha pete kinaelekea Evere, mashariki.

Nilikuwa mchezaji wa kulipwa. Katika nchi hii, miaka ile, maana yake ilikuwa kwamba nilicheza Jumapili na kukata majani ya uwanja siku nyingine. Sikulalamika. Nilikuwa na mke, Georgette, mwanamke wa Bukavu, mhudumu wa wazee katika nyumba moja ya Ganshoren, na tulikuwa na fleti Koekelberg, ghorofa ya tatu, upande usioiona Basilika, lile kanisa kubwa la pale.

Faustin alitufikia katikati ya miaka ya tisini, vita vilipoichafua Kivu. Alikuwa mdogo wake Georgette, mtoto wa mwisho wa mama yao, na Georgette ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama akiwa shambani. Alikuja na mfuko mmoja na karatasi za kuomba hifadhi. Alilala sebuleni kwetu. Miezi ya kwanza alikaa dirishani akitazama magari, akisubiri barua ya kuitwa kuhojiwa, na Georgette alikuwa akipita nyuma yake na kumgusa bega ili ajue kama yupo.

"Umupeleke kwa mupira yako," Georgette aliniambia. "Huyu mutoto atakufa na kukaa."

Bukavu alikuwa amecheza mpira wa mikono chuoni, na hiyo ndiyo iliyomsaidia. Nilimsimamisha kilimani, nikamwonyesha vidole vinavyoshika mshono, nikaenda kuchuchumaa. Mpira wa kwanza ulipita juu ya uzio. Wa pili pia. Wa tatu uliingia kwenye glavu yangu, na Gaston, aliyekuwa upande wa pili akipaka chokaa kwenye mistari, aliacha kupaka chokaa.

"Shemeki, umeumia?" Faustin aliita.

"Hapana. Tupa ingine."

"Mbona unatikisa mukono?"

"Nafukuza inzi. Tupa."

Hapakuwa na inzi. Katika miaka miwili Faustin alikuwa mrushaji ambaye sijawahi kumdaka mwingine wa namna yake, kabla wala baada. Wachezaji wenzetu walimwita Fofo. Mimi aliniita shemeki, yaani shemeji, hata mbele ya mwamuzi. Nilimfundisha kila kitu nilichofundishwa na Gaston, hata siri za mdakaji ambazo mrushaji si lazima azijue: kwamba mpira ukianza kufa, mdakaji mwenye ujuzi hunyoosha glavu mbele kuuwahi kabla haujazama, ili mwamuzi auone kama mpira mzuri. Tulicheka sana juu ya hilo. Alisema, "Kumbe na ninyi munadanganya!" Nikamwambia tunamdanganya mwamuzi tu, kocha hapana.

Karatasi zake zilipotoka, klabu moja ya Italia iliandika barua. Kule besiboli ilikuwa kazi ya kweli, mtu hakati majani. Walimtaka aende mwezi wa kumi na moja, arushe mbele ya makocha wao siku mbili, na akiwapendeza watamchukua msimu mzima. Georgette aliiweka barua ile ndani ya Biblia. Kila jioni aliisoma tena kwa sauti, kwa Kifaransa, kama somo la misa.

Hapa lazima niseme jambo langu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeanza kuonekana katika filamu. Ilianza kwa bahati: mtu wa kutafuta sura alipita uwanjani, akaipenda sura yangu. Katika filamu ya kwanza nilikuwa dereva wa teksi anayeulizwa njia na kutikisa kichwa. Katika ya pili nilikuwa mlinzi wa hoteli, nilifungua mlango mara moja na kuufunga mara moja. Kanisani watu walianza kuniita Papa Acteur, Baba Mwigizaji. Watoto walinifungulia milango ili niwafungie. Nilipenda. Nilikuwa nakaribia arobaini, magoti yangu yalilia kila nilipoinuka, na niliona filamu kama kiti ambacho mtu mwingine amekishikilia kwa ajili yangu.

Kisha ikaja filamu ya tatu. Ilimhusu mrushaji mweusi wa Kimarekani aliyebaki Ulaya baada ya jeshi. Mwigizaji mkuu alitoka Paris, kijana mzuri mwenye adabu, lakini alirusha mpira kama mtu anayetupa kiatu juu ya kabati. Kwa hiyo Faustin alichukuliwa awe mkono wake: kamera ikae nyuma yake, mgongo na bega vionekane, uso usionekane. Mimi nilichukuliwa kuwa mdakaji. Safari hii nilipewa maneno. Sentensi mbili. Mwisho wa siku ya mwisho, mdakaji anavua kinyago, anapanda kilimani, anamwambia mrushaji kuhusu mpigaji, "Usimtazame. Nitazame mimi." Mwongozaji aliniahidi kwamba maneno hayo yakienda vizuri, ana sehemu nyingine kwa ajili yangu katika kazi yake itakayofuata, sehemu yenye jina.

Nilirudia sentensi zile mbili jikoni wiki nzima. Georgette aliniambia, "Nakutazama, Prosper, lakini sufuria inaungua."

Gaston hakuipenda shughuli ile. "Kwenye mechi kuna mwamuzi," alisema. "Kuna zamu tisa. Kuna mwisho. Hawa watu mwisho wao ni nini?" Klabu ilikuwa imewakubalia uwanja, na yeye akaambiwa akae nyuma ya malori asionekane na kamera. Lakini kabla hajaenda huko alimtafuta Véronique, msaidizi wa mwongozaji, yule msichana mwenye daftari, akamwambia mbele yangu: "Mademoiselle, yule anayerusha, usimuulize kamwe kama amechoka. Muulize mdakaji." Véronique aliandika. Alikuwa mtu makini. Nataka mjue kwamba yeye alifanya kazi yake.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua nyepesi ya Brussels ambayo haimlowanishi mtu ila haimwachi akauke. Kwenye mechi mrushaji hurusha, hukaa kidogo, hurusha tena, na mwili hubaki na joto. Pale walimtaka Faustin arushe mipira mitano, wakasimama nusu saa kuhamisha taa, wakamtaka arushe minne, wakasimama kumfuta mpigaji matope. Kila mara Faustin alipoa, na kila mara alitakiwa kurusha kwa nguvu zote kuanzia mpira wa kwanza. Hakuna aliyehesabu. Nilihesabu mimi. Kabla ya chakula nilikuwa nimepita quatre-vingts, mipira themanini, na glavu ilikuwa imeanza kulia kama gunia.

Wakati wa chakula nilikaa naye kwenye ngazi. Alikuwa amevaa makoti mawili, na kijiko alikishika kwa mkono wa kushoto.

"Mukono iko namna gani?"

"Niko bien, shemeki."

"Mbona unakula na kushoto?"

"Kulia inapumuzika. Bon, kula, watatuita."

Alidanganya, kama alivyopaswa kudanganya. Sasa ilikuwa zamu yangu.

Saa nane Véronique alikuja na swali lake. Alisema mwongozaji anataka mipira mingine ya nguvu, ishirini au zaidi, kamera ikiwa nyuma ya bega, halafu ndipo tupige sehemu yangu ya maneno kabla mwanga haujaondoka. Kama mrushaji hawezi, hakuna neno, watasimamisha, watatafuta mtu mwingine siku nyingine, na sehemu ya kilimani wataiondoa kwenye hadithi. "Kocha wenu aliniambia nikuulize wewe," alisema. "Anaweza?"

Nilitazama kule kilimani. Faustin alikuwa akizungusha bega polepole, amegeukia ukuta. Jibu lilikuwa tayari kiganjani mwangu. Nilifikiria sentensi zangu mbili.

"Anaweza," nikasema.

Akarusha ishirini na sita. Tangu ule wa kwanza nilijua utaangukia wapi, na nikafanya nilichokuwa najua kufanya: niliinyoosha glavu mbele, nikauwahi kila mpira kabla haujazama, ili kwenye picha uonekane bado una moto. Mwongozaji alipiga makofi. Kisha nilivua kinyago, nikapanda kilimani, nikamwambia mwigizaji wa Paris, "Usimtazame. Nitazame mimi." Nilisema vizuri. Walipiga picha mara mbili tu.

Faustin alikuwa amekaa benchi. Alipotaka kuvua koti ilibidi nimsaidie upande wa kulia. Gaston alitoka nyuma ya malori, akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Alors?" akauliza.

"Iko," nikamjibu. Huo ulikuwa uongo wa pili wa siku ile, na ulitoka kwa urahisi zaidi.

Wiki tatu Faustin hakuweza kuinua kikombe hadi mdomoni kwa mkono ule. Georgette alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, akimwimbia nyimbo za kwao. Alikwenda Italia hata hivyo, maana barua ilisema siku na hakuthubutu kuomba siku nyingine. Kwa alivyotusimulia, alirusha mipira kumi na miwili. Kwenye wa kumi na mbili alisikia kitu ndani ya bega kikiachia. Makocha wa kule walimshukuru kwa upole, wakampeleka stesheni. Daktari wa hapa alisema mshipa umechanika, na kwamba ulikuwa umeanza kuchanika kabla. Wakampasua. Mkono ulipona kiasi cha kubeba makasha katika ghala. Mpira, basi.

Nilimwambia, "Ni baridi ya kule. Wataliano walikuharakisha." Georgette alisema ni mapenzi ya Mungu. Sikumkatalia. Nilimwachia Mungu abebe.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Tulikwenda kuitazama Jumapili baada ya misa, karibu nusu ya kanisa, mabibi wamevaa vitenge vya sikukuu. Sura yangu ilipojaa ukutani na kusema maneno yake, walipiga vigelegele, na Wabelgiji wa mstari wa mbele wakageuka. Mama mmoja alipaza sauti: "Papa Acteur, tunakutazama wewe!" Faustin alikaa upande wa pili wa Georgette. Hakupiga makofi. Nilidhani ni uchungu wa kuuona mgongo wake mwenyewe ukirusha.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, nilikuwa jikoni naipaka glavu mafuta. Georgette alikuwa anakata ndizi za kukaanga. Faustin aliingia, akabaki amesimama.

"Shemeki, ile filamu nimeiangalia mara tatu. Nilirudi kule Jumanne na jana."

"Umeipenda hivyo?"

"Niliangalia glavu yako."

Niliendelea kupaka.

"Ile mipira ya asubuhi," alisema, "glavu inakaa palepale, inangoja. Ile ya mwisho, glavu inatoka. Inakuja mbele kabisa, kabla mupira haijafika. Juu ya nini?"

"Watu wa kamera walitaka..."

"Usinifanye mujinga. Ni wewe ulinifundisha. Mudakaji ananyoosha mukono wakati mupira inakufa. Yote ishirini na kitu, umenyoosha. Ulikuwa unajua."

Georgette aliweka kisu chini. "Anajua nini? Prosper, huyu anasema nini?"

"Yaya, ngoja," Faustin alimwambia dada yake. Kisha kwangu: "Yule mademoiselle alikuja kwako mbele tuanze tena. Nilimuona. Alikuuliza nini?"

Ningeweza kudanganya mara nyingine. Nilikuwa na uzoefu sasa. Lakini Georgette alikuwa akinitazama, na mikono yangu ilikuwa na mafuta, sikuwa na pa kuiweka.

"Aliniuliza kama unaweza. Nikasema unaweza."

"Na mimi nilikuambia niko bien," alisema polepole, kana kwamba ananitafutia mlango.

"Wewe ni mrushaji. Wewe una haki ya kudanganya. Mimi sina."

"Ni juu ya ile phrase mbili?"

"Ndiyo."

"Phrase mbili, shemeki."

Hakupiga kelele. Alikwenda sebuleni, akakunja mablanketi yake vizuri, akaingiza nguo kwenye mfuko ule ule aliokuja nao. Georgette alimfuata hadi chini barabarani, na kupitia dirishani niliona anamshika uso kwa mikono miwili. Aliporudi alimalizia ndizi, akapakua sahani moja tu, akaiweka mbele yangu. Hakula.

Jumapili hiyo nilimweleza Gaston kila kitu, pale kwenye chumba cha vifaa. Alisikiliza huku akihesabu mipira ndani ya ndoo. Mwishoni alisema, "Bon," yaani sawa, akaendelea kuhesabu. Mchana tulikuwa na mechi. Zamu ya kwanza ilipokwisha alinijia kama siku zote. "Alors?" Nikasema, "Iko." Na ilikuwa kweli. Gaston akatikisa kichwa kukubali, akanipita, akaenda mwisho wa benchi, akainama mbele ya mrushaji na kumuuliza anajisikiaje. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Alifanya hivyo kila zamu, kila mechi, hadi alipoacha kazi.

Kwa ile sehemu yenye jina mwongozaji hakuniita. Sikuisubiri sana.

Kisha nikawa kocha wa wadakaji, na yaliyobaki mnayajua. Mmenicheka kwa kuwavulisha glavu baada ya kila mpira ili mnionyeshe ulipogonga. Cheka, lakini vua. Na atakapokuja mtu kukuuliza juu ya mrushaji wako, awe kocha, daktari au mtu wa filamu mwenye daftari, uangalie kwanza wewe mwenyewe unataka nini siku hiyo. Kama kuna kitu unakitaka, mwambie akamuulize mtu mwingine.

Georgette hakuniacha. Aliishi nami miaka kumi na tisa baada ya asubuhi ile, hadi ugonjwa ulipomchukua. Lakini kila Jumapili alikwenda Ganshoren kwa mdogo wake bila mimi. Nilimbebea mfuko wa chakula hadi kituo cha basi, nikarudi. Nilipomwambia nimefunga gesi, aliinuka kwenda kuitazama. Nilipomwambia daktari amesema ni kikohozi tu, alimpigia daktari. Hakufanya hivyo kwa hasira. Alinihudumia, alinicheka, alinililia nilipolazwa, lakini neno langu hakulichukua tena kama lilivyo. Siku ya mazishi yake Faustin alikaa upande wa familia ya Bukavu. Alinipa mkono, akasema, "Pole, Monsieur Prosper."

Faustin ana watoto watatu. Majina yao nayajua, kwa sababu Georgette aliyataja kila usiku katika sala. Wanaishi dakika ishirini kwa miguu kutoka mlangoni kwangu, na sijawahi kuwaona. Niliuza mkono wa ndugu wa mke wangu kwa sentensi mbili. Yeye alipoteza kazi ya maisha yake. Mimi nilimpoteza yeye, na kwa miaka kumi na tisa niliishi na mke mwema ambaye hakuniamini, na alikuwa na haki.